Ingia Dukani na Flashi Yako

Mhadhara kwa wanafunzi na wazazi, Dodoma

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu mlioko mbele. Wadogo zangu, hamjambo? Nawashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi na kulikabili jua hili la saa nane mkaja kunisikiliza.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa hapa mjini. Meza yangu iko Majengo. Kila vyuo vinapofunguliwa naletewa laptopu mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye kioo, na mwenye mali amenuna kama aliyefiwa. Amesikia habari za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kukaa mahali pa Windows, ameipenda, ameiweka, na sasa kuna kitu kimegoma. Ninapoifungua nakuta mashine ni nzima. Kosa lilifanyika siku ile ya kununua, na leo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Mwaka 2024 alikuja binti mmoja, mwaka wa pili wa chuo. Baba yake analima zabibu upande wa Hombolo. Mavuno yalikuwa mazuri, mzee akatoa fedha, binti akanunua laptopu ya kupendeza, nyembamba, ya rangi ya fedha. Rafiki yake akamwekea Linux. Kila kitu kikawaka isipokuwa Wi-Fi. Hakuna hata alama yake pale juu. Alirudi dukani, akaambiwa, "Sisi tulikuuzia ina Windows, hayo mengine ni yako." Na kwa kweli duka halikuwa na kosa.

Nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika lspci -nnk. Hiyo amri inakuorodheshea chipu kubwa zilizomo ndani, na chini ya kila chipu inakuonyesha draiva, yaani programu inayoiendesha. Kadi ya sauti ilikuwa na draiva. Kadi ya picha nayo ilikuwa nayo. Kadi ya Wi-Fi ilitajwa kwa jina na namba yake, lakini chini yake palikuwa patupu. Draiva ya chipu ile iliingia kwenye kerneli, yaani moyo wa Linux, toleo la 6.2. Linux aliyowekewa ilikuja na kerneli 6.1. Hatua moja tu! Tukachomeka simu yake kwa waya, tukatumia bando lake kuvuta kerneli mpya zaidi, tukawasha upya, Wi-Fi ikaja. Binti alilia pale pale dukani kwangu, na mimi sikumlaumu, maana wiki tatu alikuwa anaazima laptopu za wenzake usiku wakilala.

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili, maana ndiyo roho ya mazungumzo yote. Kwenye Windows, kampuni iliyotengeneza laptopu ndiyo inayohangaika kutafuta draiva na kukuwekea. Kwenye Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, ule moyo wa mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki. Kerneli mpya hutoka kila baada ya miezi miwili hivi, na kila inapotoka huja na draiva za chipu zaidi. Kwa hiyo laptopu iliyotoka kiwandani mwezi uliopita inaweza kukusumbua, na ile ile ukiinunua baada ya mwaka ikawaka bila neno. Wazazi wangu, hapa nawaomba mnisikie vizuri: kwa Linux, mpya kuliko zote si lazima iwe bora kuliko zote. Laptopu ya mwaka mmoja au miwili nyuma mara nyingi ndiyo tamu.

Na kama umeshikwa na ile mpya mpya, basi chagua Linux yenye kerneli ya karibuni, maana Linux ziko za majina mengi. Debian 12 ya mwaka 2023 ilitoka na kerneli 6.1, Ubuntu 24.04 ikatoka na 6.8, Debian 13 ya mwaka 2025 ikatoka na 6.12. Fedora yenyewe hukimbizana na kerneli mpya muda wote. Mashine ile ile, flashi mbili zenye Linux tofauti, majibu mawili tofauti.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Watu wakija kuniuliza, swali la kwanza ni "Fundi, HP au Dell?" Jina la kwenye mfuniko halikusaidii sana. Kampuni moja hutoa laptopu mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina kadi hii ya Wi-Fi na nyingine ina ile. Mimi naanzia kwenye Wi-Fi. Kadi za Intel, kama AX200 na AX210, draiva yake inaandikwa na Intel wenyewe na iko ndani ya kerneli. Ukiziona, pumua. Kadi za kampuni nyingine nyingi nazo hufanya kazi siku hizi, ila zinataka uangalie namba kamili ya chipu. Kisha uliza: kadi imechomekwa au imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa laptopu? Iliyochomekwa naweza kuitoa kwa bisibisi nikaweka nyingine kwa dakika kumi. Iliyounganishwa kwenye ubao, basi tena. Kuna kitu kimoja huwanasa hata mafundi. AX210 na AX211 majina yanakaribiana, lakini AX211 inahitaji ubao wa Intel unaoielewa. Ukiipeleka kwenye laptopu ya AMD haitafanya kazi.

Kadi ya picha ni rahisi kuisemea. Picha za Intel na za AMD zinaendeshwa na kerneli, huna la kuweka. Nvidia ni habari nyingine: draiva yake kamili unaiweka wewe baadaye, na ingawa mwaka 2022 kampuni ilifungua sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli, bado inakupa kazi ya ziada kila mfumo unaposasishwa. Kama unasoma mambo ya akili mnemba au unahariri video, inunue, tutakusaidia. Kama ni kuandika ripoti, kujifunza Python na kusoma PDF, achana nayo, betri yako itadumu.

RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiwe chini ya 8 GB, na ukipata 16 ni vizuri zaidi. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka. Hapo sina hotuba.

Kuhusu kulala, hapo nina hotuba. Namaanisha kulala kwa laptopu, ule usingizi unapofunga mfuniko. Nilitoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, nikafunga laptopu yangu stesheni ikiwa na betri imejaa, nikaitia begini. Safari yenyewe ni muda wa saa tatu na ushee. Kufika Dodoma nikashika begi, mgongo wake una moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja. Ilikuwa haijalala kabisa, ilikuwa imefumba macho tu. Laptopu nyingi za siku hizi zimeacha ule usingizi mzito wa zamani, ambao kila kitu kilizimwa isipokuwa RAM, zikaingia kwenye usingizi mwepesi, na kwenye Linux usingizi huo mwepesi hutegemea chipu zote zikubali kutulia kwa pamoja. Moja ikikataa, betri inaliwa. Ukiwa umewasha Linux, andika cat /sys/power/mem_sleep. Ukiona neno deep, mashine ina usingizi mzito. Ukiona s2idle peke yake, ina ule mwepesi tu, na hapo ni lazima uijaribu. Kwa mwanafunzi anayepanda daladala kutoka mjini kwenda chuoni akiwa na laptopu begini, hili ni kubwa kuliko wingi wa GHz, yaani kasi ya prosesa.

Zipo nyingine ambazo kwa sasa siwashauri kama Linux ndiyo kazi yako ya kila siku. Laptopu zenye prosesa za Snapdragon, zilizoanza kuvuma mwaka 2024, bado hazijakamilika upande wetu wa Linux. MacBook za chipu za Apple zina mradi wa Asahi Linux, watu wanafanya kazi ya ajabu pale kwenye M1 na M2, lakini bado kuna vitu havijatimia. Angalia pia kamera za baadhi ya laptopu nyembamba za Intel, zile zinazopitia mfumo uitwao IPU6. Nyingi zimechelewa sana kupata draiva, na mtu mwenye mikutano ya mtandaoni anaweza kujikuta hana sura. Kisoma kidole nacho usikitegemee mpaka ukijaribu.

Haya, twende dukani.

Kabla hujatoka nyumbani, chukua flashi ya 8 GB au zaidi, weka Linux ndani yake. Ukitumia programu iitwayo Ventoy unaweza kuweka Ubuntu, Fedora na Linux Mint kwenye flashi moja yenye nafasi ya kutosha ukachagua wakati wa kuwasha. Ukifika, salimia vizuri, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niiwashe kwa flashi yangu, sitagusa chochote kilichomo." Na ni kweli hutagusa, maana Linux ikiwashwa kwa flashi inakaa kwenye RAM, ukizima inaondoka. Wengi hukubali. Kwenye Dell, Lenovo na Acer mara nyingi unabonyeza F12 wakati inawaka, kwenye HP ni F9. Chagua kujaribu, usichague kusakinisha.

Kisha usiangalie mandhari ya kioo. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha Wi-Fi, fungua ukurasa wowote. Cheza sauti kwenye spika, kisha chomeka earphone. Rekodi sauti yako. Fungua kamera. Punguza na ongeza mwanga wa kioo kwa kibodi. Telezesha vidole viwili kwenye tachipadi. Andika lsblk uone kama diski ya ndani inaonekana. Isipoonekana, mara nyingi ni mpangilio wa Intel uitwao RST au VMD umewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, na unaweza kubadilishwa, ila ukibadilisha ovyo Windows iliyomo itakataa kuwaka. Kwa hiyo dukani usiubadilishe, uliza kwanza. Mwisho funga mfuniko, ongea na muuzaji dakika tano, fungua. Ikiamka na Wi-Fi yake, mikono yako imeshika kitu kizuri. Isipoamka, rudisha mezani kwa upole.

Akikataa kabisa usiiwashe kwa flashi? Ondoka, mdogo wangu. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa wale wa mtumba, na tuko wengi, nasema bila kusita: tafuteni laptopu za kiofisi. ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Hizo hununuliwa na makampuni kwa mamia, na watengenezaji hujitahidi zikubaliane na Linux. Dell walianza kuuza XPS 13 yenye Ubuntu mwaka 2012, Lenovo wakaanza kutoa ThinkPad zenye Fedora mwaka 2020. Canonical, wenye Ubuntu, wana orodha yao ya laptopu walizozipima, unaweza kuitafuta kwa simu ukiwa umesimama dukani. Uzuri mwingine ni skrubu. Hapa kwetu kiangazi upepo ukishaanza, vumbi linaingia mpaka kwenye sanduku la nguo. Laptopu usiyoweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida ukapuliza feni itakufia kwa joto, iwe na Linux au isiwe nayo.

Lakini kwenye mtumba ingia BIOS kabla hujatoa fedha. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hata kama bei ni ya kutupa.

Ninayasema haya kwa moyo kwa sababu mfumo huu si wa wageni. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili menyu kwa menyu. Hawakuomba ruhusa ya mtu, msimbo ulikuwa wazi. Nataka binti wa Hombolo naye afike mahali pa kuandika draiva, na hawezi kufika huko kama wiki tatu za kwanza amezimaliza anatafuta Wi-Fi.

(Mama mmoja wa safu ya pili anauliza: "Mwanangu, mimi nina laptopu ya ofisini, ya zamani, ina Windows 10. Naambiwa nitupe. Ninunue mpya?")

Shikamoo mama. Usitupe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni kweli, na laptopu nyingi nzima zinakataliwa na Windows 11. Lakini mashine ya miaka minane au tisa, yenye chipu za Intel, hiyo ndiyo Linux inaijua kuliko zote, maana draiva zake zimekaa kwenye kerneli miaka. Kama ina diski ya kuzunguka, tutatoa tuweke SSD, na tukiongeza RAM utashangaa. Hamisha kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha niletee. Umeibeba? Iko begini? Basi tuanze na yako.

Wenzangu, nina flashi kumi na mbili kwenye meza ile ya nyuma, zote zina Ventoy. Wenye laptopu waje mbele wanne wanne. Soketi ziko mbili tu, upande wa dirisha, kwa hiyo ambao betri zao zimejaa watangulie.