Kulwa, Doto na gauni lililobaki msumarini

ZUHURA: Doto, kwenye kipindi cha leo usinikatize. Unalikumbuka lile gauni jeupe nililokuwa nalishona shanga wiki iliyopita?

DOTO: La bibi harusi wa Jumamosi.

ZUHURA: Jumamosi imepita, gauni bado liko msumarini. Jumatano alikuja kulijaribu mara ya mwisho. Nimepiga magoti napima pindo, pini ziko mdomoni, naona pindo linatikisika. Miguu inamtetemeka. Akaniuliza, "Dada, ungekuwa wewe, ungeolewa?" Nikatoa pini. Akanieleza maneno mawili matatu kuhusu huyo mwanamume. Nikamwambia, ahirisha.

DOTO: Akaahirisha?

ZUHURA: Siku ile ile. Tangu hapo mama yake ananipigia simu.

DOTO: Maneno mawili matatu tu, dada?

ZUHURA: Ndiyo maana nimesema leo tumzungumzie Ann Landers.

DOTO: Haya. Kwa asiyemjua: Ann Landers lilikuwa jina la safu ya ushauri katika gazeti la mjini Chicago, Marekani. Aliyeianza mwaka 1943 ni muuguzi, Ruth Crowley. Alipofariki mwaka 1955, nafasi ikachukuliwa na Esther Lederer, wenyewe wakimwita Eppie. Mama wa nyumbani, hajawahi kuajiriwa na gazeti lolote. Akaishika kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 2002.

ZUHURA: Na alikuwa pacha.

DOTO: Nilijua tu tutafika huko.

ZUHURA: Waambie kwa Wasukuma anayetangulia anaitwaje.

DOTO: Kulwa. Anayefuata ni Doto. Na Kulwa wetu mpaka leo ananitumia "shikamoo yangu iko wapi" kila asubuhi.

ZUHURA: Unampa?

DOTO: Kwa dakika chache alizonitangulia? Simpi.

ZUHURA: Basi Eppie ndiye Kulwa. Walizaliwa Sioux City, Iowa, tarehe 4 Julai 1918, akamtangulia mwenzake dakika 17. Halafu ona majina: mkubwa Esther Pauline, mdogo Pauline Esther. Wazazi waligeuza tu. Mwaka 1939 wakaolewa siku moja, harusi moja.

DOTO: Huyo Pauline ndiye Doto ninayemwelewa. Dada yake alipopata safu, alimsaidia kujibu barua. Wakubwa wa kazi wakakataza. Akaenda San Francisco Chronicle, akajiita Abigail Van Buren, na Januari 1956 akaanza safu yake, Dear Abby.

ZUHURA: Miezi mitatu tu baada ya dada yake! Kazi ile ile! Angekuwa wewe, Kulwa angefanyaje?

DOTO: Angenisusa.

ZUHURA: Ndivyo ilivyokuwa. Walikaa miaka hawasemezani, huku kila mmoja akiwapatanisha ndugu wa watu gazetini.

DOTO: Hiyo inaniuma kweli. Mimi na Kulwa tuligombana wiki moja tu, kwa sababu ya baiskeli, sikuweza hata kula vizuri.

ZUHURA: Baiskeli ilikuwa ya nani?

DOTO: Yangu. Tusiingie huko. Nirudi kwa gauni. Eppie akiwania ile nafasi alipewa barua za majaribio. Moja ilihusu mti wa jirani unaoangusha kokwa ua wa pili: kokwa ni za nani? Akampigia simu jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, William O. Douglas, waliyekuwa wanafahamiana. Jaji mzima kwa ajili ya kokwa, dada! Wewe ndoa ya mtu umeiamua pini zikiwa mkononi.

ZUHURA: Na Pauline alipewa rundo la barua, akarudisha majibu siku ile ile, akaajiriwa. Pacha mwenzako huyo! Mbona unamkimbilia Kulwa leo?

DOTO: Kwa sababu Kulwa aliuliza kwanza.

ZUHURA: Eppie alikuwa na mchumba mwingine. Akaenda dukani kununua shela la harusi hiyo, akakutana na muuzaji, Jules Lederer, akaolewa na huyo muuzaji. Harusi ilivunjikia kwenye nguo, Doto. Kwenye nguo ndipo mwanamke anapojiona.

DOTO: Na ndoa hiyo ikavunjika mwaka 1975.

ZUHURA: Baada ya miaka 36!

DOTO: Aliwaambia wasomaji wake, mwenye majibu yote hili hana jibu lake. Akaomba chini ya safu paachwe peupe, pasijazwe kitu. Hapo ndipo ninapompenda. Alijua pa kunyamaza.

ZUHURA: Mtu akikuuliza huku anatetemeka, kumnyamazia ni kumwacha peke yake. Sikubali.

DOTO: Ungemwambia akamuulize somo wake, shangazi yake.

ZUHURA: Angekuwa na wa kumuuliza, angeniuliza mimi fundi?

DOTO: Hujui kama hana. Hukumuuliza.

ZUHURA: Sikumuuliza. Na bado ningesema ahirisha.

DOTO: Na mimi bado nasema hukutakiwa kusema.

ZUHURA: Basi.

DOTO: Dada, yale mambo matatu ya kumfundisha anayetaka kuandika safu ya ushauri hatujagusa hata moja, na nimeonyeshwa dakika moja.

ZUHURA: Yaache. Mama wa binti anakuja kesho saa nne, dukani. Utakuwepo?

DOTO: Nitakuja. Nije na Kulwa?