Kamba Iliyosokotwa Kinyume

Asanteni, na karibuni. Kabla sijaanza, hebu geukeni mtazame bango lile pale mlangoni. Limechapishwa kwa ajili ya mhadhara huu, na limekosewa. Jina langu liko sawa. Kilichokosewa ni mchoro wa DNA. Kijana aliyelitengeneza aliona picha inakaa vizuri zaidi ikigeuzwa, akaigeuza kama sura kwenye kioo. Nililiona jana jioni, nikataka kukasirika, kisha nikaishia kucheka. Bila kujua, amechora umbo ambalo lipo kweli, na ndilo nililokuja kulizungumzia.

Nimebeba kamba ya usumba, ya nyuzi mbili, ya kawaida kabisa. Kaka uliyekaa hapo mbele, samahani, nishikie ncha hii. Tuisimamishe. Angalieni uzi ulio upande wenu: unapanda kuelekea kulia. Sasa tuipindue, ya juu iwe chini. Bado unapanda kuelekea kulia. Huwezi kuubadilisha msokoto kwa kuipindua kamba, wala kwa kuizungusha. Kioo tu ndicho kinachoubadilisha. Au uifumue uisokote upya.

DNA tuliyoisoma shuleni ni hii ya kulia. Ina upana wa nanomita 2, na kila mzunguko mmoja unachukua jozi kama 10 na nusu za herufi, yaani zile kemikali nne A, T, G na C zinazobeba ujumbe wake. Wataalamu huiita umbo B. Na mkisikia B, ulizeni A iko wapi, kwa sababu ipo, na ilijulikana mapema. Rosalind Franklin, pale King's College London, alikuwa akiupiga eksrei uzi wa DNA huku akidhibiti unyevu wa hewa inayouzunguka. Hewa ikikauka, uzi unakuwa mfupi na mnene: umbo A. Ikijaa unyevu, unarefuka: umbo B. Ile picha maarufu, namba 51, aliyoipiga mwanafunzi wake Raymond Gosling mwaka 1952, ni ya umbo B. Mwaka uliofuata James Watson na Francis Crick wakatoa kielelezo chao cha DNA ya nyuzi mbili, na dunia nzima ikashika B. A ikabaki kwa wenyewe. Mimi naona hapo ndipo tulipopotea kidogo, kwa sababu Franklin alikuwa ameshatuonyesha kwamba umbo la DNA linafuata hali ya mazingira yake.

Tatizo lingine ni kwamba picha za nyuzi ni za ukungu, zinakupa wastani. Ukitaka kuona kila atomu imekaa wapi, unahitaji fuwele. Hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1979, Alexander Rich na Andrew Wang, kule MIT, Marekani, walipata fuwele safi ya kipande kifupi sana cha DNA: herufi sita tu, CGCGCG. Ndiyo iliyokuwa fuwele ya kwanza ya DNA ya nyuzi mbili kuonyesha atomu waziwazi. Kila mtu alitarajia ithibitishe picha ya 1953. Ikatoka imesokotwa kushoto! Uti wake, yaani mnyororo wa sukari na fosfeti unaobeba herufi, haupindi taratibu kama kamba hii, unakwenda kwa kona kona, zigizagi, na ndiyo maana ikaitwa Z. Ni nyembamba kidogo kuliko B, na mzunguko mmoja una jozi 12. Kona hizo zinatokana na guanini, ile herufi G: kila G imejigeuza juu ya sukari yake ikatazama upande mwingine, wakati jirani yake C imetulia.

Wapo waliosema hiyo ni vituko vya fuwele. Lakini mwaka 1972, Pohl na Jovin, kule Ujerumani, walikuwa wameweka DNA ya G na C zinazopokezana kwenye maji yenye chumvi nyingi mno, na ishara ya mwanga uliopita ndani yake ikageuka juu chini, dalili kwamba msokoto umebadilika hata bila fuwele. Chumvi inafanya nini? Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi, zinasukumana. Katika umbo Z zimekaribiana mno. Chumvi inaingia katikati, inazipoza.

Ndani ya seli hakuna chumvi ya kiasi hicho. Basi Z inatoka wapi? Kaka, shika kamba vizuri, ncha zote mbili, usiziachie zizunguke. Mimi napitisha peni katikati ya nyuzi mbili, naisukuma mbele. Mnaona? Mbele ya peni misokoto inabanana. Nyuma ya peni nyuzi zimelegea, hazina msokoto. Peni hii ni kimeng'enya kinachosoma jeni. Kila kinapopita kinaacha nyuma yake DNA iliyofumuka, yenye mkazo, na njia mojawapo ya kuutuliza mkazo huo ni kipande chenye herufi zinazofaa kujisokota kushoto. Kwa hiyo Z ni umbo la kupita. Linakuja jeni inaposomwa, kisha linaondoka.

Na kuna protini zinazolitambua. ADAR1, iliyo ndani ya miili yetu, ina sehemu inayoishika Z na kuiacha B. Mwaka 1999 tuliziona zikiwa zimeshikana ndani ya fuwele. Protini hii inausaidia mwili usidhani RNA yake yenyewe, yaani nakala za jeni zake, ni ya virusi. Virusi vya chanjo ya ndui navyo vina protini yenye sehemu kama hiyo, na vinaitumia kukwepa kinga yetu. Kwangu mimi, hilo lilimaliza ubishi wa kama Z ina kazi.

Sasa niwape ninalolipenda zaidi. Mwaka 1910 Ivar Bang aliandika kwamba asidi ya guanini ikiwa nzito ndani ya maji inaganda. Inaganda kama faluda. Sababu ilipatikana 1962, pale Gellert, Lipsett na Davies walipoonyesha kwamba G nne zinashikana mikono kwa duara, kama watu wanne kwenye meza ya bao, zikawa sahani bapa. Sahani zinapangwa moja juu ya nyingine. Katikati yake kuna tundu, na tundu hilo linataka mgeni: potasiamu. Atomu yake inakaa kati ya sahani na sahani, inazibana pamoja. Sodiamu nayo inaweza, ila haikai vizuri, na umbo linabadilika. Kipande kilekile cha ncha za kromosomu zetu, TTAGGG iliyorudiwarudiwa, kilipochunguzwa mwaka 1993 kwenye sodiamu, nyuzi zake zilikuwa zinapishana, nyingine juu nyingine chini. Kwenye fuwele yenye potasiamu, mwaka 2002, zote zilielekea upande mmoja, na vitanzi vimetoka pembeni kama mapanga ya feni. Seli zetu ndani zimejaa potasiamu.

Mwaka 2013 maabara ya Balasubramanian, Cambridge, iliyaonyesha maumbo haya ndani ya seli za binadamu kwa kutumia kingamwili inayong'aa. Swali lililobaki ni la haki: kingamwili imelikuta umbo, au imelisaidia kusimama? Uzi wa pili, wenye C nyingi, nao una umbo lake, i-motifu. Leo sina muda nalo.

Nimalizie na mdudu tunayemjua. Plasmodium falciparum, wa malaria, ana DNA ambayo kama asilimia 80 ni A na T. G ni adimu kwake. Lakini ncha za kromosomu zake zina GGG, na mifuatano inayoweza kujipanga sahani imeonekana pia karibu na baadhi ya jeni za var. Hizo ziko kama 60, na ndizo anazozibadilisha moja baada ya nyingine kama kanzu, ili kinga yetu isimzoee. Je, sahani hizo zinamsaidia kuzichanganya? Ndilo linalochunguzwa.

Kaka, asante, mikono pumzisha. Kamba naiacha hapa mezani na peni yake, anayetaka kujaribu aje.