Kusafu Malindi: angalia mwezi kwanza, bodi baadaye

Haya jamani karibuni, leo tuko Malindi, na hii hapa nyuma yangu ndo ghuba yenyewe, kaskazini ya jeti. Watu wakiskia kusafu, yaani kupanda mawimbi kwa bodi, Kenya wanashangaa, maana sehemu nyingi za pwani yetu mwamba uko mbele, wimbi linavunjikia huko huko, ufukweni yanafika maji yaliyochoka. Hapa Mto Sabaki unamwaga tope na mchanga, matumbawe hayashiki, kwa hiyo wimbi linaingia mpaka huku na chini ni mchanga mtupu. Ila usitarajie Hawaii, mawimbi haya ni madogo na yamevurugika, ya kujifunzia.

Kabla hujatafuta bodi, angalia mwezi. Sitanii. Msimu ni kusi, ule upepo wa kusini, Julai na Agosti ndo kumechangamka, lakini ukija siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na ikifika saa nne yamekupwa yameenda zake, utabeba bodi kichwani mpaka shingo iume. Njoo maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu: yanajaa taratibu kuanzia alfajiri mpaka kwenye saa nne hivi, na upepo bado haujakaza. Saa moja mpaka saa tatu, hiyo ndo yako, mchana kusi linachafua kila kitu. Kama huna hesabu ya mwezi waulize wavuvi, wanajua kuliko app yoyote, ila salamu kwanza.

Bodi chukua ya sponji, ndefu, futi nane au tisa. Ile fupi ya kupendezea picha achana nayo. Kamba ya bodi funga mguu wa nyuma.

Sasa lala juu ya bodi hapa mchangani, ona, viganja chini ya mbavu, sukuma, miguu yote miwili iingie kwa mpigo, magoti yamekunjwa, macho mbele. Ukiangalia miguu unaanguka, kila mtu anaanguka hivyo. Rudia mpaka usifikirie.

Tunaingia. Buruta miguu, usiinue, samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake si mchezo. Bodi iwe ubavuni mwako, kamwe isiwe kati yako na wimbi, itakupiga meno. Maji yakifika kiunoni geuza pua ya bodi iangalie ufukwe, subiri povu, si wimbi zima, lile povu jeupe lililokwishavunjika. Likikaribia lala, piga kasia kwa mikono mara nne tano kwa nguvu, ukihisi mkia umenyanyuka ongeza mbili halafu simama. Pua ikizama umelala mbele sana, rudi nyuma kidogo tu. Ukianguka anguka bapa, funika kichwa.

Ukiona unavutwa kwenda nje usishindane nao huo mkondo, kata pembeni, sambamba na ufukwe, ukitoka kwenye mvuto ndo unarudi na mawimbi. Bodi usiiachie.

Na mvua zikinyesha bara mto unaleta maji ya kahawia na magogo, siku hiyo kaa nje unywe madafu. Mdomoni mwa Sabaki usiende kusafu hata siku moja, kule kuna viboko na mamba, sio stori za kutisha watoto.

Ukimaliza suuza bodi maji baridi, yasiyo na chumvi, iweke kivulini, jua la hapa linayeyusha nta yote, ile inayopakwa juu ya bodi miguu isiteleze.