Mstari Usioonekana: Kupima Masalia ya Antibiotiki kwenye Figo ya Ng'ombe

Wakaguzi wa nyama na maofisa mifugo, habari za asubuhi.

Kisu na macho husaidia kugundua tegu na vidonda vya kifua kikuu. Kwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini (OTC) havisaidii kitu. Ng'ombe aliyechomwa OTC ya asilimia 20 kwa ajili ya ndigana baridi, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kisha akauzwa kabla muda wa kusubiri kati ya sindano na kuchinjwa haujaisha (siku 28 kwenye lebo nyingi), nyama yake haina rangi wala harufu ya kumshtaki. Kuichemsha hakuiondoi dawa kwa uhakika.

  Leo nazungumzia kitepe, yaani ukanda mdogo wa kupimia dawa hiyo machinjioni.

Ndani ya kitepe kuna kingamwili zilizobandikwa chembe za dhahabu. Hizo ndizo zinazotoa rangi nyekundu. Kwenye mstari wa kipimo imepakwa dawa ileile tunayoitafuta. Sampuli ikiwa safi, kingamwili zinafika pale zikiwa huru, zinanaswa, na mstari unawaka. Sampuli ikiwa na dawa, kingamwili zimeshashikana nayo njiani, zinapita tu. Kwa hiyo mstari usipotokea, dawa ipo. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria walichokizoea kinasomwa kinyume chake. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kitepe kimefanya kazi, lazima uonekane kila mara. Usipoonekana, tupa kitepe.

Chukua sehemu ya figo isiyo na mafuta, ikatekate, saga na bafa (kimiminika kinachokuja na vipimo) kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi la vipimo, acha itulie, kisha vuta majimaji ya juu yaliyo safi. Mafuta yakiingia yanaziba utando, sampuli inakwama katikati. Kitepe kikitoka kwenye friji, kiache kipate joto la chumba kikiwa bado ndani ya mfuko wake. Ukifungua mapema, hasa pwani, kinavuta unyevu na mstari unafifia, nawe utahukumu nyama isiyo na kosa. Soma kwa dakika zilizoandikwa, si baada ya kumaliza chai.

Tena, angalia kikomo cha kitepe. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu mikrogramu 200 kwa kilo ya mnofu wa ng'ombe, 600 kwa ini na 1,200 kwa figo. Kitepe kilichotengenezewa maziwa, ambayo kikomo chake ni 100 kwa lita, kinaweza kuikataa figo iliyo halali kabisa, labda uizimue kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Mstari wa kipimo ukikosekana, rudia kwa kitepe kipya. Ukikosekana tena, zuia mzoga kwenye chumba baridi ukiwa na lebo, kata mnofu na figo, funga kila kimoja peke yake, andika namba ya mnyama, uvipeleke maabara vikiwa kwenye barafu. Kitepe kinachuja tu. Hukumu ya kutaifisha itoke kwenye kromatografia, kipimo cha maabara kinachotenganisha kemikali na kupima kiasi chake.