Hesabu ya Abiria Kabla ya Hesabu ya Mwendo

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na vijana wa Mtwara mliojaa mpaka barazani, nawashukuru kwa kunialika. Walionisikia Lindi wanajua nitaanzia wapi, nao wanivumilie, kwani kila nikimaliza kuzungumzia reli huinuka kijana akauliza kwa nini tuhangaike na mataruma wakati wenzetu wanakwenda kwenye bomba.

Bomba lenyewe ni haipalupu. Agosti 2013 Elon Musk alitoa andiko la kuunganisha Los Angeles na San Francisco kwa mabehewa madogo yaendayo kilomita 1,200 kwa saa ndani ya bomba lililopunguzwa hewa, safari ikichukua dakika 35. Mwendo huo kila mtu aliukariri. Idadi ya abiria hawakuisoma. Andiko linasema behewa litabeba watu 28 na kuondoka kwa wastani kila baada ya dakika 2, kwa hiyo saa nzima ni watu 840. Japani, kwenye reli ya Tokyo hadi Osaka iliyofunguliwa Oktoba 1964, treni moja ya leo ya mabehewa 16 ina viti takriban 1,300. Treni moja! Inamaliza kazi ya bomba ya saa nzima na viti vinabaki vitupu, na saa hiyo hiyo treni za namna hiyo huweza kuondoka zaidi ya kumi.

Mtu atasema ninawaonea, maana andiko linataja pia behewa kuondoka kila sekunde 30 wakati wa msongamano. Haya, tuzidishe: 3,360, bado hatujafika kwa Wajapani. Tena anieleze behewa la nyuma litasimamaje la mbele likikwama, ilhali kwa mwendo ule, hata breki kali ambayo abiria aliyeketi anaweza kuistahimili huhitaji zaidi ya dakika moja.

Na joto je? Bomba la chuma la kilomita 560, jua likiliongezea nyuzi 30, litataka kurefuka karibu mita 200. Reli nayo hutaka kurefuka, ila mataruma na kokoto huibana. Bomba lililo juu ya nguzo litahitaji viungo vya kuliachia nafasi ya kurefuka, na kila kiungo ni mahali pa hewa kupenya.

Novemba 2020, huko Nevada, abiria wawili walipitishwa kwenye bomba la mita 500 kwa kilomita 172 kwa saa, na Desemba 2023 kampuni iliyofanya jaribio hilo ikafunga shughuli. Treni yetu ya umeme ya Dodoma, ambayo kwa vipimo vya dunia wala haihesabiwi kuwa ya kasi kubwa, imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, na inajaza watu.

Treni za sumaku, zile zinazoelea juu ya njia bila kuigusa, sizipingi. Ile ya Shanghai inabeba abiria, ingawa njia yake ni kilomita 30 tu. Magari ya kuruka nayaacha, mwenyekiti ananionyesha saa.

La kwetu ni reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe, inayozungumzwa miaka nenda rudi. Kusini tuliwahi kuwa na reli, ile ya mradi wa karanga wa wakoloni iliyofika Nachingwea, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makaa ya mawe, chuma na korosho havidai kufika kwa dakika 35. Vinadai behewa linalobeba tani nyingi, ili malori yapungue kwenye barabara ambayo Mei 2024 ilikatika Somanga.