Mtoto Hatuzidi kwa Kubuni

(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Bagamoyo)

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nimepewa nusu saa, nitajitahidi nisiile ya mwenzangu.

Naanza kwa ubishi. Tumezoea kusema watoto wana ubunifu kutushinda. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki 1934, alikataa. Alisema mtu hubuni kutokana na aliyoyaona na kuyapitia, na mtoto bado kaona machache. Nahodha mtu mzima ana bahari nyingi kichwani kuliko mjukuu wake. Anachotuzidi mtoto ni kukiamini alichokibuni. Akishasema hili jahazi, basi ni jahazi. Hangoji mtu aidhinishe.

Nendeni ufukweni maji yakijaa. Mtamkuta ana ngalawa ya lapa lililokatika mkanda, matengo ya chelewa, tanga kipande cha mfuko wa salfeti. Zamani tanga lilikuwa la rambo. Mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019, sisi tulikwenda sokoni tukinung'unika tutabebea nini samaki. Yeye hakuitisha kikao.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonileta. Mwaka 2000 watafiti Tim German na Margaret Defeyter walichapisha jaribio. Kuna kidubu cha bandia, miguu mifupi, hakifikii rafu. Mtoto akisaidie kwa vitu vilivyo mezani, likiwemo boksi. Dawa ni kulipindua boksi liwe kipandio. Baadhi ya watoto walilikuta boksi tupu. Wengine walilikuta limebeba vitu, yaani liko kazini. Wa miaka sita na saba waliolikuta kazini walichelewa kuliona kama kipandio. Wa miaka mitano hata hawakushtuka: tupu au limejaa, kwao ilikuwa sawa.

Miaka sita na saba, jamani! Hao ndio wa darasa la kwanza. Sisemi shule ndiyo iliyowafunga. Kujua kazi ya kitu ni elimu, na asiyeijua atakunywa mafuta ya taa. Lakini elimu hiyo ina gharama yake, na inaanza kulipwa mapema kuliko tunavyodhani.

Na msidhani uhuru wa mtoto ni fujo. Kaeni karibu na wasichana wanaopikapika mchanga kwenye vifuu. Kifuu kikishakuwa sufuria, ole wake atakayekivaa kama kofia, atatolewa mchezoni. Wana sheria kali kuliko za kijiji, ila wamezitunga wenyewe.

Mji wetu una chuo cha sanaa tangu 1981, na nadhani kimetupa uvivu mmoja: tunaona ubunifu unakaa kule, ndani ya uzio. Huku madarasani mwalimu anachora nyumba ubaoni, paa pembetatu, bendera juu, na darasa zima linanakili. Atakayechora nyumba yenye miguu anapata alama ya mkasi. Mwalimu, kabla hujaitia, muulize inakwenda wapi. Mara nyingi atakuwa na jibu refu, lenye sababu, huenda la mafuriko.

Fundi wa majahazi aliyekaa nyuma ananitazama kwa jicho la shaka, na ana haki. Abiria wa Zanzibar havushwi kwa imani; mbao lazima zipimwe, kalafati iingie, chombo kijaribiwe. Vygotsky naye alisema mtoto huyadhibiti kidogo mno anayoyabuni. Hiyo ndiyo nafasi yetu watu wazima, tena kubwa. Shida yangu ni zamu: sisi tunatanguliza shaka. Kijana anasema "vipi tukifanya hivi", hajamaliza, keshaambiwa haijawahi kufanyika.

Basi tukae kwa vikundi. Kila kikundi kina boksi moja, na nimeyajaza vitu makusudi.