RAM Si Hifadhi, Wavuti Si Intaneti

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Baraka. Leo tunazungumza na wewe unayeanza kutumia kompyuta, yule ambaye watu wakitaja RAM, prosesa na gigabaiti anaitikia kwa kichwa tu yaishe.

BARAKA: Na hao si wachache, dada.

ZUHURA: Sasa sitaki tusome orodha ya istilahi mia moja. Mtu anazisoma leo, kesho hana hata moja. Kwa ninavyoona mimi, wingi wa maneno hausumbui sana. Kinachosumbua ni yale yanayotembea wawili wawili, kila mtu anayachanganya. Tuanze na lipi?

BARAKA: Kumbukumbu na hifadhi. Utamsikia mtu, "Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 500." Hiyo 500 ni hifadhi, yaani diski. Kumbukumbu, ile RAM, kwenye kompyuta nyingi za kawaida siku hizi ni gigabaiti 8 au 16.

ZUHURA: Kikazi zinatofautianaje?

BARAKA: RAM ni kama ubao wa darasani. Mwalimu anaandika, anafuta, anaandika kingine, mwisho wa siku ubao mtupu. Hifadhi ndiyo daftari. Sasa tuseme umefungua programu ya kuandikia, umeandika barua kurasa mbili. Unaiona kwenye skrini, lakini kwa wakati huo barua yako iko kwenye RAM, na RAM bila umeme haishiki kitu. Hujabonyeza Ctrl na S kuihifadhi kwenye diski, umeme ukakatika, kompyuta ya mezani ikazimika. Ukiiwasha tena, barua huna.

ZUHURA: Ila programu nyingine sasa zinahifadhi zenyewe.

BARAKA: Zipo, tena zimeokoa wengi. Lakini nyingine zinahifadhi kila baada ya dakika kadhaa, na aya yako nzuri kuliko zote utaiandika katikati ya dakika hizo. Zoeza vidole Ctrl na S, hakuna gharama.

ZUHURA: Kwa hiyo mtu anayeona kompyuta nzito, akakimbilia kufuta picha…

BARAKA: Anafuta picha za harusi bure! Picha ziko kwenye diski. Kama uzito umekuja baada ya kufungua vichupo 40, yaani kurasa 40 kwa mpigo, kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za wavuti, aliyezidiwa ni RAM. Funga vichupo. Ingawa, tuseme haki, diski iliyojaa pomoni nayo inaleta uzito, kwa sababu RAM ikizidiwa kompyuta huazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole kuliko RAM. Hasa HDD, ile yenye sahani zinazozunguka ndani. SSD, diski ya aina nyingine, haina kinachozunguka, ndiyo maana kompyuta yenye SSD inawaka upesi.

ZUHURA: Prosesa je?

BARAKA: Hiyo ndiyo inayopiga hesabu zote. Kasi yake hutajwa kwa gigahezi, na gigahezi 1 ni mipigo bilioni 1 kwa sekunde. Kwa anayeanza inatosha, tusonge.

ZUHURA: Tusonge kwenye vipimo basi, maana hapa ndipo watu hudhani wameibiwa. Mtu ananunua diski, boksi limeandikwa terabaiti 1. Anaichomeka, Windows, mfumo unaoendesha kompyuta yake, inamwambia gigabaiti 931.

BARAKA: Hajaibiwa hata baiti moja. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: kilobaiti 1 ni baiti 1,000, megabaiti ni milioni, gigabaiti ni bilioni, terabaiti ni trilioni. Windows inapanda ngazi hizo hizo kwa 1,024. Chukua trilioni moja, igawe kwa 1,024, jibu lake uligawe tena, na tena. Utapata 931 na ushee.

ZUHURA: Na hiyo 1,024 imetoka wapi? Mbona isiwe elfu tu?

BARAKA: Kompyuta inajua 0 na 1, basi. Hiyo 0 au 1 moja ndiyo biti. Kwa hiyo hesabu zake zinakwenda kwa mbili: 2, 4, 8, 16, ukizidisha hivyo mpaka mara ya kumi unafika 1,024. Na biti 8 zikikaa pamoja zinakuwa baiti 1, inayoweza kubeba thamani 256 tofauti.

ZUHURA: Biti na baiti. Hawa mapacha nao wana kesi.

BARAKA: Kesi kubwa! Tangazo la intaneti linasema kasi ni 20 Mbps, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Mtu anataka kupakua faili la megabaiti 100, anapiga hesabu: sekunde 5. Zinapita 5, zinapita 20, anaanza kulalamika. Lakini ile b ndogo ni biti, si baiti. Gawa 20 kwa 8, unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili lako litachukua sekunde 40, na hapo mtandao uwe umeamka vizuri.

ZUHURA: Kwa hiyo b ndogo biti, B kubwa baiti. Haya, intaneti na wavuti?

BARAKA: Intaneti ni kompyuta za dunia zilizounganishwa, pamoja na nyaya, minara na kanuni za kupitishia data. Mtandao uliotangulia, ARPANET, ulianza 1969. Wavuti ni huduma moja tu inayopita humo: kurasa zenye viungo. Mwanasayansi wa kompyuta Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Barua pepe kati ya kompyuta mbalimbali zilikuwa zikitumwa tangu 1971, wavuti ikiwa haipo kabisa.

ZUHURA: Halafu kuna wanaosema, "Fungua Google," wakimaanisha Chrome.

BARAKA: Zote za kampuni moja, usiwalaumu sana. Chrome ni kivinjari, programu iliyokaa ndani ya kompyuta yako. Google ni injini ya utafutaji, unaifikia kwa kivinjari chochote, hata Firefox. Na tofauti hii ina faida mfukoni. Ukiwa na anwani ya benki yako, iandike mwenyewe kwenye upau wa anwani, pale juu. Ukiitafuta kwa jina, matokeo ya kwanza yanaweza kuwa tangazo, na matapeli nao hununua matangazo.

ZUHURA: Moja la mwisho: wingu, yaani kuweka faili zako kwenye kompyuta za kampuni fulani kupitia intaneti. Wengi wanasema picha zao ziko kwenye wingu, kwa hiyo wana nakala rudufu.

BARAKA: Inategemea. Huduma nyingi za wingu zinalandanisha. Ukifuta picha kwenye simu, inafutika na kule. Mara nyingi inakaa kwenye pipa la taka kwa muda, kisha kwaheri. Nakala rudufu ni ile ambayo ukifuta huku, yenyewe haiguswi. Kwa mfano diski ya nje, unakili, uichomoe, uiweke.

ZUHURA: Na msikilizaji akitaka kujua kompyuta yake ina RAM kiasi gani, sasa hivi?

BARAKA: Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende sehemu ya utendaji (Performance). Utaona RAM yote na inayotumika. Kwenye Mac, bofya alama ya tufaha juu kushoto, chagua mstari wa kwanza, utaona RAM yote. Na wewe wa Windows, ukiwa pale, fungua kivinjari chenye vichupo vyako 40 uone ile namba ya RAM inayotumika inavyopanda.